Mtoto Asiyetulia Si Mtoto Mbaya

Mama amtuma mwanawe dukani kununua chumvi. Mtoto aenda mbio, lakini njiani awaona wenzake wakicheza mpira, naye aingia mchezoni. Jioni arudi mikono mitupu, na fedha hajui zimeanguka wapi. Achapwa. Kesho yake mambo ni yale yale. Shuleni nako mwalimu asema hakai kitini, hujibu kabla swali halijaisha, wala kazi yake haimaliziki.

Wazazi wengi husema mtoto wa namna hii ni mkaidi, au amerogwa, au amedekezwa na mama yake. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 1902 daktari wa watoto, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake huko London habari za watoto kama hao. Leo twajua kwamba ubongo wao wapata taabu kuyazuia na kuyaongoza mawazo, na mara nyingi hali hii hurithiwa. Akili wanazo; breki ndizo dhaifu.

Lakini si kila mtoto mtundu ana shida hii. Dalili zake huanza kabla ya umri wa miaka 12, huonekana nyumbani na shuleni pia, tena hudumu miezi 6 au zaidi. Kwanza apimwe masikio na macho. Wengine, hasa wasichana, hawarukiruki, bali hukaa kimya mawazo yao yakiwa mbali, hao husahauliwa.

Tufanyeje? Mwite kwa jina, mtazame usoni, mpe agizo moja tu, naye alirudie. Saa za kula, kusoma na kulala zisibadilike. Mwalimu amketishe mbele, ampe kazi fupi fupi, na mara kwa mara amtume kufuta ubao ili anyoshe miguu. Akifanya vema, msifu papo hapo. Sifa ya kesho haimfai. Wako wanaosaidiwa na dawa za daktari, lakini kwa aliye chini ya miaka 6 wazazi hufundishwa kwanza namna ya kumlea.

Fimbo haileti utulivu. Mtoto aambiwaye kila siku kuwa ni mbaya, mwisho husadiki, na hapo ndipo tumpotezapo. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Waefeso, aliwaonya akina baba wasiwatie watoto wao hasira. Basi, baba na mama, leo kabla ya sala ya jioni tafuteni jambo moja alilofanya vema mtoto wenu, mkamwambie.