Fundi, Niongezee Gesi

Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni mji wa pikapu. Nyumba zinazidi kuota Bunju B, Mabwepande na kuelekea Mapinga, na kwa kila nyumba inayopanda kuna dabo kebini iliyobeba saruji, nondo, mabomba, au mafundi sita waliojibana kwenye viti vya watu watano. Mwenye gari si tajiri wa kutisha. Ni mkandarasi mdogo, mfugaji wa kuku, mstaafu anayejenga taratibu, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Gari alilinunua likiwa na miaka mitatu minne, rangi inang'aa, skrini kubwa katikati ya dashibodi, na sababu mojawapo ya kuachana na lile la zamani ilikuwa baridi. Kisha Februari inaingia, foleni ya Tegeta inamnasa saa saba mchana, na gari la mamilioni linapuliza hewa ya vuguvugu kama mtu anayepoza uji.

Kinachofuata kila mwenye gari anakijua. Anaingia gereji ya kando ya barabara, injini hata hazimi.

"Fundi, niongezee gesi. Baridi imepungua."

"Sawa bosi, sogea hapo kivulini."

Mpira wa bluu unachomekwa, kopo linapinduliwa, mkono unawekwa kwenye tundu la hewa. "Sikia hiyo bosi. Baridi ya Makete kabisa!" Analipa, anapandisha vioo, anaondoka na Makete yake. Wiki tatu baadaye karudi palepale.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama dizeli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ileile, mwaka hadi mwaka. Ikipungua maana yake imevuja, na pale ilipovujia pako vilevile baada ya kopo la pili na la tatu. Ni kweli hozi za mpira hupitisha gesi kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, lakini gari la miaka mitatu halina sababu ya kudai gesi kila mwezi. Tena mara nyingi gesi haikuwa na shida yoyote. Mkosaji alikuwa kwingine, hakuulizwa.

Ili kumpata, inabidi tukubaliane kwanza kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Kompresa inaikamua gesi mpaka inafika presha ya kama bar 15 au zaidi, ikiwa na joto linalopita nyuzi 55. Gesi hiyo inapelekwa kwenye kondensa, ule wavu wa alumini uliokaa mbele ya rejeta, ambako upepo wa nje unaipoza hadi inakuwa kimiminika. Kisha inapitishwa kwenye kitundu chembamba, presha inashuka ghafla, na inaingia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi, ambako inachemka ikiwa karibu na nyuzi sifuri na kunyonya joto la ndani ya gari. Gesi iliyozoeleka, R134a, ikiachwa katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa hiyo joto lote la abiria, la jua lililopenya kwenye kioo na la dashibodi iliyoungua tangu asubuhi, lina mlango mmoja tu wa kutokea: kondensa. Mlango ukizibwa, ongeza gesi utakavyo.

Na Bunju ni bingwa wa kuuziba. Ukiiacha lami ya Barabara ya Bagamoyo, kiangazi ni vumbi na masika ni tope, na malori ya mchanga na kokoto yanapita humo kutwa. Ile sehemu ya Mwenge hadi Tegeta ilipopanuliwa kuwa njia nne, kazi iliyokamilika mwaka 2014, safari ilipata nafuu kwa muda; ujenzi wa barabara ya mabasi yaendayo haraka awamu ya nne kwenye njia hiyohiyo ukarudisha vumbi na foleni kwa pamoja. Pikapu za sasa nazo zimepangwa kwa kubanana. Mbele kondensa, katika nyingi kuna intakula ya tabo hapohapo, nyuma yake rejeta, ndipo feni. Vumbi likishapenya kati ya safu hizo halionekani kwa kuchungulia kwenye bampa. Kondensa kwa mbele inaonekana safi, inapendeza.

Fungua shoo ya mbele, legeza vishikizo, isogeze kondensa kidogo, umulike kwa tochi ya simu. Utakuta zulia: vumbi limeshikana na mafuta, mabawa ya kumbikumbi, nyasi, vipande vya mfuko wa plastiki, na ile mikunjo midogo ya alumini imelala upande mmoja. Walioilaza ni vijana wa kuosha magari, wenye mashine ya presha na nia njema, waliopiga maji kutoka mbele kwa ukaribu wa shubiri moja. Maji yale yaliusukuma uchafu ndani zaidi. Kondensa huoshwa kwa maji ya mpira wa bustani, kutoka ndani kwenda nje, polepole, hadi tope jeusi liache kutoka. Kazi hiyo inachukua asubuhi nzima, haina kopo la kuuza, ndiyo maana hakuna bango linaloitangaza.

Dalili ya kondensa isiyopata upepo iko wazi, mwenye gari anaweza kuijua peke yake. Baridi ipo gari likikimbia Mapinga, inapotea likisimama Tegeta Kibaoni. Likikimbia, upepo unajiingiza wenyewe. Likisimama, kondensa inategemea feni, na pikapu nyingi za dizeli zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi ya mafuta mazito. Injini ikiwa chini, feni inajikokota. Klachi hiyo ikichoka, foleni ndiyo inayoitangaza. Ukiona baridi inarudi kila ukikanyaga mafuta, usimwambie fundi akuongezee gesi. Mwambie aangalie feni na kondensa.

Sababu nyingine iko hewani. Dar es Salaam ina unyevu, na unyevu ni mzigo. Hewa inapopozwa, maji yaliyomo hugeuka matone kwenye evaporeta na kudondoka chini ya gari, yale matone unayoyaona umepaki. Kila kilo moja ya maji inayodondoka imeilazimisha gesi kubeba joto la kilojouli zaidi ya 2,400, nguvu ambayo hukuisikia usoni hata kidogo. Ndiyo sababu pikapu ileile inaweza kumfurahisha mtu Dodoma, kwenye joto lakini hewa kavu, na kumchosha Bunju. Lawama nyingine hapa inamwangukia dereva. Kuna kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaojigeuza ndani yake. Ukikizima, gari linavuta hewa mbichi ya nje muda wote, joto lake na unyevu wake, kila dakika upya. Wengi wanakiacha kimezimwa kwa kutojua kazi yake. Wengine wamekizima kwa sababu ya harufu, na harufu ina kesi yake.

Kesi hiyo iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Huko katika magari mengi ya sasa kuna filta ya hewa ya ndani, karatasi iliyokunjwakunjwa. Ya mfugaji wa kuku ikichomolewa ina manyoya. Ya wanaopaki chini ya mwarobaini ina majani. Karatasi iliyokuwa nyeupe imekuwa ya kijivu na imevimba, na feni ya ndani inapiga kelele nyingi kuliko upepo inaoutoa. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi bila spana. Ajabu ni kwamba baadhi ya pikapu zilitoka kiwandani zikiwa na nafasi ya filta bila filta yenyewe, na vumbi la miaka yote limekwenda kujipaka moja kwa moja kwenye evaporeta. Hapo dashibodi inashuka, na bili inapanda.

Baada ya kuondoa hayo, ndipo gesi na kompresa ziulizwe. Gari la zamani lilikuwa na kompresa inayojulisha kazi yake: klachi inanasa, unasikia "tak", inaachia, "tak" tena. Fundi mzoefu alisikiliza kwa sikio na kujua habari yote. Baadhi ya kompresa za pikapu mpya hazifanyi hivyo. Zinazunguka wakati wote, na kompyuta ya gari inaamua, kupitia vali ndogo ya umeme, zikamue kwa nguvu kiasi gani. Sensa ya presha ikiona hatari, au injini ikipata moto, kompyuta inapunguza baridi bila kumwuliza mtu. Fundi anayesubiri "tak" anaweza kuihukumu kompresa nzima imekufa, na mteja akatumwa Kariakoo kutafuta nyingine, kumbe iliyogoma ni vali au waya.

Kipimo nacho kimekuwa kidogo. Chini ya boneti kuna stika inayotaja uzito wa gesi kwa gramu, na kwa pikapu nyingi ni kama gramu 500 hivi. Kwenye kiasi kama hicho, gramu 100 pungufu ni moja ya tano ya gesi yote. Zikizidi ni vibaya vilevile: kimiminika kinajaa kwenye kondensa, nafasi ya kupozea inapungua, presha inapanda, baridi inashuka. Mteja aliyeongezewa mara tatu bila mizani huenda sasa anaugua gesi nyingi, na dawa anayopewa ni gesi. Halafu ule mpira wa bluu peke yake unasoma upande wa presha ndogo tu. Wa presha kubwa, mwekundu, ambao ndio ungesema kondensa imeziba, unaning'inia ukutani.

Sitaki kuwabebesha mafundi mzigo wote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha majokofu na viyoyozi, na mtaani wapo vijana wenye geji mbili, pampu ya vakyumu na mizani. Lakini mteja ndiye anayemfundisha fundi kuuza gesi. Mwambie mwenye pikapu kwamba upimaji ni saa moja na una bei yake, ataona anaibiwa. Mwonyeshe kopo, atatoa pochi.

Kopo lenyewe si la kuamini kwa rangi yake. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka bandarini, Vietnam na Brazil, na wafanyakazi wakafa. Uchunguzi ulikuta gesi iliyokuwa ikipita kwa jina la R134a ilichanganywa na kloridi ya methili, kemikali ya bei nafuu inayoshambulia alumini na kuacha kitu kinachowaka kikigusa hewa. Kondensa na evaporeta za pikapu ni alumini. Kopo lisilojulikana lilikotoka, tena la bei ya kutupa, liache dukani.

Kuna hesabu nyingine ambayo hakuna anayeilipa gereji. Kilo moja ya R134a ikiachwa iende hewani inaipasha dunia moto, kwa kipimo cha miaka 100, kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Nusu kilo ya pikapu moja ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 260 za dizeli. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua, yakiuongezea kipengele Mkataba wa Montreal wa 1987. Ulaya ilitangulia: tangu 2017 magari mapya ya abiria huko hayaruhusiwi kutumia R134a, mengi yamehamia R1234yf, na baadhi ya pikapu zimefuata mkondo. Gesi hii mpya ni ghali sana kuliko ile, inaweza kuwaka kidogo, na matundu yake ya kujazia yalitengenezwa ya kipimo tofauti makusudi, ili mtu asijaze nyingine. Kwa hiyo ukiwa na pikapu iliyotoka Uingereza, soma stika kabla fundi hajatoa adapta mfukoni. Adapta ndiyo mwanzo wa mchanganyiko ambao hakuna geji itakayousoma sawasawa.

Na anayeagiza sasa aulize gari liliundwa kwa soko gani. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba huwa yameimarishwa upande wa upozaji. Lililotengenezewa mvua za Manchester halikuahidi kitu kuhusu Februari ya Bunju.

Kwenye yadi, usilijaribu gari saa mbili asubuhi, saa ambayo kila kiyoyozi ni hodari. Nenda saa saba, liwe limekaa juani, vioo vikiwa vimefungwa. Washa, bonyeza kitufe cha mshale, weka feni kati, ingiza kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati, na ukae hapo robo saa bila gari kusogea. Mfumo usio na kasoro utashuka na kubaki huko chini. Ukianza vizuri kisha ukapanda taratibu kadiri injini inavyounguruma, umeshaonyeshwa kondensa au feni. Muuzaji atasema, kaka, hiyo ni gesi tu, inaongezwa. Mwambie basi aongeze yeye, kwa mizani, na risiti iandikwe gramu.