Wiki moja kuuzunguka Mlima Rungwe: Safari ya familia ipangwe na familia nzima

Mwaka juzi familia za msikiti wetu hapa Mgololo zilikwenda kulizuru Ziwa Ngosi, na sisi wanakamati tulirejea tukijipongeza. Wanaume na vijana walipanda msitu mpaka ukingoni, wakatazama chini na kuliona ziwa limetulia ndani ya mlima uliowahi kuwaka moto. Tukiwa ndani ya basi, njiani kurudi, mama mmoja mtu mzima alituuliza kwa upole: "Wanangu, hilo ziwa lenyewe lina rangi gani?"

Tulinyamaza. Yeye na wenzake walikuwa wamelipa nauli ile ile na kukaa katika viti vile vile, kisha wakabaki kando ya barabara wakiwapikia pilau waliopanda. Hakuna aliyewakataza kupanda. Ila sisi tuliopanga safari hatukujiuliza nani angeangalia sufuria. Kosa lilikuwa letu.

Swali hilo ndilo lililozaa mpango tunaoueleza hapa: safari ya siku saba kuuzunguka Mlima Rungwe, katika likizo ya shule ya mwezi Juni. Tunauandika tukitaraji kwamba utazifaa familia nyingine zenye nia kama yetu.

Je, si israfu?

Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza kikaoni, na ni swali la haki. Wengi wetu ni vibarua wa misitu, wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha karatasi. Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, fedha ya msikiti isiguswe hata senti moja, kwa kuwa waliyoitoa hawakuitoa kwa ajili ya matembezi. Pili, kila familia iweke akiba yake kidogo kidogo kila wiki, na daftari lisomwe mbele ya wote. Tatu, wasiojiweza wasiachwe: watu wawili wamejitolea kwa siri kuwalipia mayatima wa mtaa wetu.

Qur'ani Tukufu inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Watoto wetu wamekulia kati ya misindano iliyopandwa kwa mistari, na wengi hawajavuka Mafinga. Wakiona mwamba uliowahi kutiririka kama uji, darasa moja la namna hiyo litawakaa moyoni kuliko mawaidha yetu mengi.

Njia na siku zake

Ardhi tunayokwenda ni zao la volkano tatu kubwa: Ngosi, Rungwe na Kyejo. Rungwe ndio mrefu kuliko wenzake, takriban mita 2,960. Kyejo ndio uliolipuka mwisho, miaka 200 hivi iliyopita. Udongo uliotokana na moto huo ndio unaolisha migomba, chai na miparachichi ya Tukuyu.

Jumamosi tutaondoka baada ya Alfajiri, tupite Mafinga na Makambako, tulale Mbeya. Jumapili asubuhi tutashika njia ya Tukuyu kutokea Uyole, tupande Ngosi, kisha tulale Tukuyu. Jumatatu ni siku ya Mto Kiwira. Hapo lipo Daraja la Mungu, ambapo lava ilipoa juu ya mto na kuacha upinde wa mwamba ambao hakuna fundi aliyeujenga. Kipo pia Kijungu, mahali ambapo maji huzama katika tundu la jiwe lenye umbo la chungu. Miamba yake huteleza, hivyo kila mtoto atashikwa mkono na mtu mzima aliyetajwa kwa jina katika orodha.

Jumanne tutapita Ziwa Masoko, kisha tuteremke Kyela mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Asubuhi ya Jumatano watoto wataoga pale ambapo wenyeji watatuonyesha kuwa ni salama, na tutatazama vyungu vya Wakisi, mafundi wa ufinyanzi wanaojulikana nchi nzima. Mchana tutapanda tena Tukuyu. Alhamisi tutapitia Isyonje, tuvuke uwanda wa Kitulo hadi Makete, tulale Njombe. Ijumaa tutaswali huko Njombe, na jioni tuwe nyumbani inshaallah.

Walikuwapo waliotaka Desemba, kwa sababu maua ya Kitulo huchanua majira ya mvua. Tuliikataa rai hiyo. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi mno nchini, na njia ya Ngosi ikiloa haifai kwa mtoto wala mzee. Tumeyaacha maua ili tuwe na njia kavu.

Juni nayo ina masharti yake. Kitulo ipo juu ya mita 2,600 na umande wake huganda. Matema ipo chini ya mita 500, kuna joto na mbu. Kwa hiyo kila familia ibebe makoti na vyandarua pia. Watoto wa baridi kama wetu hawajaizoea malaria.

Ibada na chakula

Mtume (rehema na amani zimshukie) alielekeza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Amiri wetu ameshateuliwa, na sharti lake la kwanza ni kwamba basi halitembei usiku. Dereva akichoka, tunasimama.

Kutoka Mgololo hadi Mbeya ni zaidi ya masafa ya kupunguza swala. Na kwa kuwa hatunuii kukaa siku nne kamili mahali popote, rukhsa ya msafiri itaendelea nasi wiki nzima. Adhuhuri, Alasiri na Isha zitaswaliwa rakaa mbili mbili. Maghribi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Adhuhuri na Alasiri zaweza kukusanywa, na vivyo hivyo Maghribi na Isha. Swala ya Ijumaa si wajibu kwa msafiri, lakini tumeupanga mzunguko ili watoto wetu wasimame safu moja na ndugu zao wa Njombe.

Chakula kilitutia wasiwasi zaidi, kwa kuwa katika sehemu nyingi za njia hiyo Waislamu ni wachache. Haitoshi kuuliza kama nyama ni ya ng'ombe. Lazima ijulikane nani amechinja na sufuria imepikiwa nini. Tutabeba vyombo vyetu, na nyama tutanunua kwa Waislamu tu au tutachinja kuku wenyewe. Palipo na shaka tutakula ndizi, maharage na maziwa. Matema hakuna tatizo: samaki hahitaji kuchinjwa, na mchele wa Kyela hauhitaji sifa zetu.

Zamu ya sufuria

Safari hii kina mama wameketi kikaoni tangu siku ya kwanza, na orodha ya mapishi imeandikwa sambamba na orodha ya viti. Siku ya Ngosi wanaume watawasha moto na kupika. Wanawake wataanza kupanda wakiwa na maharimu wao, na wanaume waliobaki watapanda wakisharudi wa kwanza. Baadhi yetu walicheka waliposikia hivyo. Tuliwakumbusha kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika akitoka kwenda kuswali. Kicheko kilikwisha.

Tulipompelekea habari yule mama, alishukuru, kisha akatuonyesha magoti yake. Mlima hauwezi tena. Ndiyo sababu Ziwa Masoko limo katika mpango. Nalo limo ndani ya kreta ya volkano, lakini gari hufika karibu na maji. Hapo tutasimama kwanza, kabla ya Matema, na yeye ndiye atakayeshuka wa kwanza.

Rangi ya ziwa hatujamwambia. Ataiona mwenyewe, Allah akijaalia.

Wabillahi tawfiq.