Mali ya Abdulla: Biashara ya Familia Tangu 1887

Hapa Eastlands ni nyumba gani haina leso? Mama anayeuza sukuma wiki Kayole huifunga kiunoni. Mtoto hubebwa nayo mgongoni. Siku ya ruracio wasichana hufunikwa leso gubigubi, naye bwana harusi ajaribu bahati yake kumtambua aliye wake. Lakini ni wangapi wetu husoma ukingoni mwa kitambaa kujua ni nani aliyekitoa? Kwenye leso nyingi utakuta herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla".

Abdulla ni nani?

Jina lake lilikuwa Kaderdina Hajee Essak, lakini wateja walimjua kama Abdulla. Biashara yake ilianza Mombasa mwaka wa 1887, na jina hilo limejulikana Biashara Street kizazi baada ya kizazi.

Enzi hizo wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi, wanashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, kupata nguo moja ya kujifunga. Neno leso lenyewe ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Wenye maduka walipoona akina mama wanavyohangaika na sindano, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapishwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno. Husemwa kwamba ni Abdulla aliyeanzisha mtindo huo. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Tangu hapo leso ina sehemu tatu: pindo kuizunguka, mji katikati, na jina, yaani methali au fumbo. Kwa jina hilo mama anaweza kumwambia jirani jambo zito bila kufungua mdomo!

Na tujiulize: mzee alikuwa na nguvu gani? Si mashine. Kwa miaka mingi leso zilichapishwa India, Japani na Ulaya. Ni tangu miaka ya 1950 ambapo uchapishaji ulizidi kushika mizizi hapa kwetu. Nguvu yake ilikuwa mchoro, maneno, na alama ambayo mteja aliiamini.

Ya Gucci

Sasa tuvuke bahari. Mwaka wa 1921 Mwitalia Guccio Gucci alifungua duka la mikoba mjini Florence. Likawa jina kubwa duniani. Alipofariki mwaka wa 1953, wanawe wakaendelea vizuri kwa muda, kisha ugomvi ukaingia. Mjukuu, Paolo, alimshtaki baba yake Aldo kwa watu wa kodi Marekani, na mwaka wa 1986 mzee huyo akafungwa jela. Mwaka wa 1993 Maurizio, mjukuu mwingine, aliuza hisa za mwisho za familia. Mwaka wa 1995 aliuawa kwa risasi Milan, na mke wake wa zamani akahukumiwa kwa kupanga mauaji hayo. Jina Gucci liko hadi leo, lakini mwenye mali ni kampuni ya Ufaransa.

Sisi je?

Usiseme haya ni ya matajiri. Pale Gikomba au jua kali ya Kariobangi, fundi akifariki, ndugu hugawana vyombo. Huyu cherehani, yule meza. Mwaka haujaisha, kibanda kimefungwa na wateja wametawanyika. Waligawana vyuma, wakasahau jina.

Kwa hivyo:

1. Kazi yako iwe na alama. Alama ya biashara huandikishwa KIPI, Nairobi.
2. Pesa za duka zisichanganywe na za unga. Weka kitabu.
3. Mtoto ajifunze kazi ungali na nguvu. Binti pia ni mtoto.
4. Andika wosia, watoto wajue mapema nani atasimamia na nani atapata nini.

Maswali ya kikundi

Ni biashara gani mtaani kwetu iliyokufa pamoja na mwenyewe? Nini kingeiokoa? Na yako, ukilazwa hospitali miezi mitatu, nani atafungua mlango asubuhi?