Picha ya pasipoti na stara ya mwanamke wa Kiislamu

  

Malipo ya korosho yanapoingia katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, nia zilizowekwa kwa miaka mingi huanza kutimizwa. Mzee wa Likunja aliyekuwa akidunduliza ili yeye na mkewe waende Hijja huuliza utaratibu, naye huambiwa kwamba jambo la kwanza ni pasipoti. Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 31, 2018, maombi hujazwa kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na picha ya mwombaji ni sehemu ya maombi hayo. Picha ikikataliwa, kazi huanza upya, na kwa mkulima upya huo una maana ya nauli nyingine na siku nyingine ya shamba iliyopotea.

Lakini kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Mama mwenye umri wa miaka sitini, ambaye hajapata kuonekana kichwa wazi na mwanamume asiye maharimu wake, anaketi mbele ya kijana mwenye kamera na kuambiwa, "Mama, vua ushungi, masikio hayaonekani." Kwa kuwa hajui kanuni, na kwa kuwa anaitamani Makka, anatii. Picha ile itakaa katika pasipoti yake kwa miaka kumi, itatazamwa na kila afisa wa mpakani, na nakala yake itabaki katika kompyuta ya studio ambayo hajui nani anaifungua.

Tuseme wazi: amri ile mara nyingi haina msingi. Kanuni za hati za kusafiria zinazofuatwa na mataifa hutolewa na ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika waraka wake namba 9303. Zinataka uso uonekane wote, kuanzia chini ya kidevu hadi juu ya paji, pamoja na kingo zote mbili za uso. Macho yawe wazi, mdomo ufungwe, na mtu atazame kamera moja kwa moja. Vazi la kichwa linalovaliwa kwa sababu ya dini linaruhusiwa, mradi lisifunike uso wala kuutia kivuli. Masikio hayamo katika sharti hilo. Nchi fulani ikidai zaidi katika fomu yake ya viza, isomwe fomu yenyewe. Neno la mpiga picha si sheria.

Wako wanaouliza upande wa sheria yetu. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu picha, na wamehitilafiana pia iwapo uso wa mwanamke ni katika yale yapasayo kufunikwa. Hata hivyo, kwa hati ambayo mtu hana budi nayo, ruhusa imetolewa hata na waliokuwa wakali katika mlango huu. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa akikataza picha kwa ujumla, lakini aliruhusu ya kitambulisho na pasipoti kwa sababu ya haja. Kanuni ya fiqhi inasema pia kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Hapa ndipo penye uzito: mwenye kuvaa nikabu ataufunua uso kwa kuwa uso ndio unaotakiwa, bali nywele na shingo hazikutakiwa na yeyote, basi zifunuliwe kwa dharura gani?

Njia nyepesi ni kupigia picha nyumbani, na mpigaji awe mume, binti, au dada. Simu ya kawaida yenye kamera safi yatosha. Kwanza isomwe rangi ya nyuma inayotakiwa, maana hati hutofautiana. Ikiwa ni nyeupe, ukuta uliopakwa chokaa unafaa, au shuka jeupe lililonyooshwa lisiwe na mikunjo. Mama asivae mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe, kwani kichwa kitapotea ukutani. Achague rangi iliyokoza isiyo na maua. Asimame hatua moja mbele ya ukuta ili kivuli chake kisianguke nyuma yake.

Mwanga ndio unaoharibu picha nyingi. Jua la adhuhuri hutia giza machoni na chini ya ukingo wa ushungi. Afadhali asubuhi, kivulini barazani, uso ukielekea kwenye uwazi wa uwanja. Simu nyingi zikiona weupe mwingi nyuma hufanya uso mweusi uwe mweusi zaidi hata sura isitambulike. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime mwanga wa uso badala ya ukuta. Mpigaji asimame umbali wa kama mita moja na nusu, simu ikiwa usawa wa macho. Asijipige mwenyewe kwa mkono, kwa sababu ukaribu ule hukuza pua na kubana mashavu. Ushungi usogezwe kidogo nyuma ya paji, ukingo wake ulazwe kandokando ya mashavu, na pini ifungwe chini ya kidevu bila kukificha.

Kisha programu za kurembesha zizimwe. Siku hizi simu nyingine hulainisha ngozi na kung'arisha rangi bila kuombwa. Picha ya namna hiyo hukataliwa, na ingepita ingekuwa ni udanganyifu: hati inayoshuhudia kwamba huyu ndiye fulani, nayo sura si yake. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta majimaji chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuuficha ukweli.

Wanaume nao wavue kofia. Kofia yetu ni pambo na ada njema, lakini kichwa cha mwanamume si uchi, basi tusiombe ruhusa tusiyoihitaji. Mtoto mchanga alazwe juu ya shuka jeupe na apigwe kutokea juu akiwa macho. Mkono wa mama usionekane.

Picha ikipelekwa kwa mwenye steshenari mjini Ruangwa au Nachingwea ili ichapwe au ipandishwe, itumwe kwa WhatsApp kama hati, maana ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora. Kazi ikiisha, mume au kijana aliyeipeleka asimame pale hadi ifutwe katika simu na kompyuta ile, kwa kuwa ni amana. Naye mama atakapofika mwenyewe ofisi ya Uhamiaji kuchukuliwa alama za vidole, aende na ushungi uleule, na ikiwa yupo afisa wa kike aombe kwa adabu ahudumiwe naye.