Afya ya Mtahiniwa: Maandalizi ya Mtihani wa Kujiunga na Chuo Kikuu nchini Ufilipino

Nchini Ufilipino, mwanafunzi wa sekondari anayetaka kuingia chuo kikuu chenye ushindani mkubwa hulazimika kufanya mtihani maalumu unaotungwa na chuo chenyewe. Kwa familia nyingi mtihani huo huonekana kuwa mlango wa kutoka katika umaskini, hasa tangu mwaka 2017 ilipopitishwa Sheria Na. 10931 iliyoondoa ada ya masomo katika vyuo vikuu vya umma. Kwa sababu hiyo, miezi ya maandalizi huwa ni kipindi ambacho kijana hupunguza usingizi, hubadili ulaji wake, hubeba matarajio ya jamaa zake, na mara nyingine huficha ugonjwa ili asikose siku ya mtihani. Makala hii inaeleza namna mtihani huo ulivyo, namna mwili na ubongo unavyohimili maandalizi yake, na dalili ambazo mzazi, mwalimu na mhudumu wa afya hawapaswi kuzipuuza.

Mtihani wenyewe

Kuanzia mwaka 1973 hadi 1994 Ufilipino ilikuwa na mtihani mmoja wa taifa wa kuingia vyuo. Baada ya huo kufutwa, kila chuo kilibaki na utaratibu wake. Chuo Kikuu cha Ufilipino, kilichoanzishwa mwaka 1908, hutoa mtihani unaojulikana kwa kifupi kama UPCAT. Vyuo vya Ateneo de Manila, De La Salle na Santo Tomas navyo vina mitihani au taratibu zao. Hivyo basi mwanafunzi mmoja anaweza kukabiliwa na mitihani mitatu au minne katika msimu mmoja, kila mmoja ukiwa na tarehe, fomu na mtindo wake.

Katika miaka ya karibuni UPCAT peke yake imevutia watahiniwa zaidi ya 100,000 kwa mwaka, na walio wengi hawapati nafasi. Maswali yake ni ya kuchagua jibu, nayo hupima ustadi wa lugha, ufahamu wa kusoma, hisabati na sayansi. Sehemu za lugha na ufahamu huwa kwa Kiingereza na kwa Kifilipino. Kijana aliyekulia Cebu akizungumza Kicebuano, au kaskazini mwa Luzon akizungumza Kiilokano, hupimwa katika lugha mbili ambazo hakuna hata moja iliyo ya mama yake. Kwake yeye, kusoma maandishi marefu kwa lugha zote mbili kila siku kuna faida kubwa kuliko kukariri orodha za msamiati.

Jambo moja linastahili kueleweka mapema kwa kuwa hupunguza hofu: kwa muda mrefu chuo hicho kimeunganisha alama za mtihani na alama za masomo ya sekondari katika kukadiria uwezo wa mwombaji, mtihani ukichukua takribani asilimia 60 na alama za shule asilimia 40. Maandalizi ya kweli, kwa hiyo, huanza darasani miaka kadhaa kabla, wala hayawezi kufidiwa na wiki mbili za kukesha.

Kwa wanaotamani udaktari, uzito huongezeka. Kitivo cha Tiba cha chuo hicho mjini Manila kina programu ya miaka 7, iitwayo INTARMED, ambayo huchukua vijana wachache sana moja kwa moja kutoka sekondari miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi katika UPCAT. Wengine wote husoma shahada ya kwanza, kisha hufanya mtihani mwingine wa taifa wa kujiunga na shule za tiba. Mlango wa kwanza ukifungwa, upo wa pili.

Ubongo hushikaje yaliyosomwa

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea upesi katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali huleta faida kuliko marudio yaliyorundikwa pamoja. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za mwendo leo, akazirudia kesho, kisha baada ya siku 4, kisha baada ya wiki 2, atazikumbuka kuliko aliyezisoma mara nne usiku mmoja.

Kanuni ya pili ni kujipima. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwagawa wanafunzi: kundi moja lilisoma kifungu na kukirudia kukisoma, jingine lilikisoma kisha likaandika lililokumbuka bila kutazama. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojipima walikumbuka takribani asilimia 56 ya kifungu, na waliorudia kusoma asilimia 42. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kusoma ukurasa uleule mara ya tano huleta hisia ya kuufahamu, ilhali hisia hiyo ni ya kuyazoea maneno tu. Kufunga kitabu na kujiuliza maswali ni kazi ngumu zaidi, na ugumu huo ndio unaojenga kumbukumbu.

Nchini Ufilipino vipo vituo vingi vya masomo ya ziada vinavyoandaa watahiniwa kwa malipo. Manufaa yake makubwa ni mitihani ya majaribio inayofanywa kwa kufuata saa. Mwanafunzi ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kulipa anaweza kupata manufaa hayohayo kwa kukaa na wenzake Jumamosi asubuhi, wakatungiana maswali, wakayafanya kwa kimya na kwa muda uliopangwa, kisha wakasahihishana.

Usingizi

Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitoa pendekezo mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Usingizi ni wakati ambapo ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana, kwa hiyo anayekesha hupoteza sehemu ya kile alichokikesha.

Kwa kijana tatizo lina mizizi ya kimaumbile. Wakati wa balehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, na homoni ya melatonini, ambayo huuandaa mwili kwa usingizi, huanza kutolewa usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo. Kijana asiyelala saa 3 usiku si lazima awe mkaidi. Lakini katika shule za umma zenye msongamano, hasa Manila na miji inayoizunguka, wanafunzi husoma kwa zamu, na zamu ya asubuhi huanza mapema sana. Usingizi hukatwa pande zote mbili: jioni na maumbile, alfajiri na ratiba.

Tiba ya hali hii ni ya kawaida lakini hudai msimamo. Muda wa kuamka uwe mmoja hata siku za mapumziko, au utofautiane kwa saa moja tu. Simu iwekwe mbali na kitanda nusu saa kabla ya kulala. Usingizi mfupi wa dakika 20 mchana unaruhusiwa, ila usiwe wa jioni. Wiki mbili kabla ya mtihani, mwanafunzi aanze kuamka saa ileile atakayoamka siku yenyewe.

Chakula, damu na vinywaji vya kuamsha

Kafeini hubaki mwilini kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kiasi kilichonywewa huwa bado kipo baada ya takribani saa 5. Kahawa ya pakiti inywewayo saa 11 jioni huwa bado inafanya kazi saa 4 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu huunganisha kafeini na sukari nyingi, na madaktari wa watoto hawavishauri kabisa kwa watoto na vijana. Mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi baada ya vinywaji hivyo mara nyingi hudhaniwa kuwa woga wa mtihani.

Msichana mwenye uchovu usioisha, kizunguzungu na kushindwa kumakinika asiambiwe mvivu kabla damu yake haijapimwa. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma huwapata zaidi wasichana waliovunja ungo, nao hupunguza umakini. Shirika la Afya Duniani hupendekeza vidonge vya chuma na asidi ya foliki mara moja kwa wiki kwa wasichana na wanawake wanaopata hedhi katika maeneo ambako tatizo hili limeenea.

Kifungua kinywa cha Kifilipino cha wali uliokaangwa kwa vitunguu saumu, yai na samaki mkavu kinafaa sana: kina wanga, protini na chumvi. Siku ya mtihani si siku ya kujaribu chakula kigeni.

Msimu wa mvua na magonjwa yake

UPCAT ya miaka ya karibuni imefanyika mwezi Agosti, katikati ya mvua na vimbunga. Hapa kuna hatari mbili ambazo mtahiniwa na familia yake wanapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni homa ya dengi, inayoenezwa na mbu aumaye mchana. Mtego wa ugonjwa huu ni kwamba hatari huja homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Kijana huona amepona, huomba aruhusiwe kwenda kwenye mtihani, kumbe ndipo mishipa midogo inapoanza kuvuja maji ya damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu puani au kwenye fizi, na kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida ni dalili za kwenda hospitali mara moja. Homa itulizwe kwa parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Ya pili ni leptospirosisi, inayotokana na maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Watanzania waliufahamu ugonjwa huu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Dalili zake mara nyingi hujitokeza wiki moja hadi mbili baada ya mtu kupita kwenye maji, hivyo mwanafunzi aliyevuka mafuriko kwenda masomo ya ziada mwezi Julai anaweza kuugua wiki ya mtihani. Homa, maumivu ya misuli ya miguu, macho mekundu au ya manjano na mkojo kupungua vinahitaji daktari bila kuchelewa. Aliyelazimika kupita kwenye mafuriko, hasa mwenye kidonda mguuni, aende kituo cha afya mapema. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kinga.

Hofu, familia na dalili za hatari

Utamaduni wa Kifilipino una neno *utang na loob*, yaani deni la moyo kwa aliyekutendea wema, na neno *hiya*, ambalo hukaribiana na haya na fedheha. Kijana ambaye mama yake anafanya kazi ya nyumbani Saudia au Hong Kong ili yeye asome huingia katika chumba cha mtihani na deni hilo. Humpa ari, na pia humfanya afiche udhaifu wake. Wengi hupeleka kalamu zao zibarikiwe kanisani kabla ya mtihani, na faraja hiyo haina madhara. Lenye madhara ni ukimya.

Woga wa kiasi ni wa kawaida, na huamsha akili. Huhitaji msaada pale unapodumu kwa wiki kadhaa na kuharibu usingizi, hamu ya kula na mahusiano. Baadhi ya watu hutafuta vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo kama propranololi kwa marafiki au dukani. Dawa hiyo inaweza kumbana pumzi vibaya mwenye pumu, na haipaswi kutumiwa bila daktari.

Mtoto anayesema kwamba hana faida, anayejitenga, anayegawa vitu vyake vya thamani au anayetaja kifo achukuliwe kwa uzito. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Ufilipino ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2018, lakini sheria haiingii chumbani kwa kijana. Anayeingia ni mzazi.

Maswali kwa mhudumu wa afya

Mwanafunzi anapofika kliniki akilalamika kichwa, tumbo au uchovu katika msimu wa mitihani, maswali machache hufungua mengi. Analala saa ngapi? Anakunywa nini ili asilale? Hedhi yake ikoje? Amekuwa na homa au amepita kwenye maji ya mafuriko hivi karibuni? Anatumia dawa gani aliyopewa na mtu asiye daktari? Na la mwisho, aulizwe faraghani, mzazi akiwa nje: asipochaguliwa, anadhani nini kitatokea?

Jibu la swali hilo la mwisho laweza kuwa muhimu kuliko vipimo vyote. Kijana anayetaja chuo cha pili, mwaka mwingine au kazi ya muda anaona njia mbele yake. Asiyeona chochote baada ya mtihani ndiye anayehitaji kurudi kliniki wiki hiyohiyo, pamoja na mtu mzima anayemwamini.