Saa kuukuu haipimwi kwa karati

Ukanda wa Shinyanga na Geita umezoea kuthamini vitu kwa mizani. Mwadui, ndani ya Wilaya ya Kishapu ambayo makao yake makuu ni Mhunze, almasi zimechimbwa tangu John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipogundua mwamba wake mwaka 1940, na kila jiwe linalotoka pale huhesabiwa kwa karati. Upande wa Geita, mwaka 2019 lilifunguliwa soko la madini la kwanza nchini, ambako dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa uzito na usafi wake kabla ya kutajwa bei. Kwa madini huo ni utaratibu mzuri. Shida huanza pale jicho lililozoea mizani linapotazama saa ya mkononi ya zamani, Seiko ya babu au Citizen iliyosahauliwa kwenye droo, na kuuliza swali lilelile: ina dhahabu kiasi gani? Jibu likiwa hakuna, saa hupewa mtoto aichezee au huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ndilo lenye kasoro. Thamani ya saa ya kawaida iko katika uwezo wake wa kufunguliwa, kusafishwa na kurudi kazini, na mwenye kipato cha kawaida anayetaka kukusanya saa aanzie hapo.

Tuanze na dhahabu yenyewe, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Saa nyingi za zamani zenye rangi ya dhahabu zimechovywa tu, na unene wa tabaka hilo huhesabiwa kwa maikroni. Baadhi ya saa za Uswisi zimechapwa maneno ya maikroni 20 kwenye kasha, na zile za Urusi ya Kisovieti huonekana na alama ya AU10. Maikroni 20 ni sehemu moja ya hamsini ya milimita. Ukitazama pembe za kasha pale mkanda unaposhikilia, utaona tabaka hilo limeshalika na shaba imejitokeza. Habari ya vito nayo ni hiyohiyo. Uso wa saa ukiandikwa kwamba ina vito 17 au 21, mtu wa nchi ya almasi ana haki ya kushtuka, lakini hizo ni rubi za kutengenezwa kwenye tanuru, kwa njia ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902. Sonara hawezi kukupa kitu kwa ajili yake. Zimewekwa mle kwa sababu ncha ya chuma ikizunguka ndani ya tundu la rubi hailiki upesi, na tone la mafuta hutulia pale bila kukauka mapema. Rubi hizo ni vitendea kazi, kama ilivyo kila kitu kingine ndani ya kasha.

Kwa hiyo anayetaka kuijua saa aitazame inavyofanya kazi. Chukua Seiko 5, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1963 kwa lengo la kumpa mtu wa kawaida mambo matano katika saa moja: kujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kichwa cha kurekebishia majira kilichowekwa usawa wa namba nne ili kisichome kifundo cha mkono, na kasha lenye mkanda imara. Ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotikisika na kukaza utepe wa chuma uliosokotwa. Utepe huo ukijifungua polepole huendesha magurudumu, na katika nyingi gurudumu la mizani huyadhibiti kwa kugonga mara sita kila sekunde, yaani mara 21,600 kwa saa. Mashine ya Seiko ya namba 7009, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970, haijazwi kwa vidole. Ndiyo maana saa iliyolala kabatini mwaka mzima haifai kuhukumiwa kuwa imekufa kabla ya kutikiswa. Ikiamka, bado haijapona: mafuta yake yameshazeeka, na kuivaa kila siku katika hali hiyo ni kuila taratibu.

Adui mkubwa wa saa katika nchi kavu kama Kishapu ni vumbi la kiangazi. Mpira mwembamba wa mfuniko wa nyuma ukishakakamaa, vumbi na jasho hupenya, vikachanganyika na mafuta na kuwa tope linalosaga ncha za magurudumu kama msasa. Fundi anayejua kazi yake hulegeza kwanza nguvu iliyobaki katika utepe, kisha huondoa gurudumu la mizani mapema kwa kuwa ndilo jepesi kuharibika. Skrubu huzipanga kwa mfuatano wake, vipande huviosha kwa benzini, na matundu ya vito huyachokonoa kwa kijiti kilichochongwa. Wakati wa kurudisha, mafuta huyatia kwa ncha ya sindano, tone dogo lisiloonekana vizuri bila lenzi. Yakizidi, hutambaa hadi kwenye springi nyembamba kama unywele iliyo kwenye gurudumu la mizani, mizunguko yake ikagandana, na saa ikaanza kukimbia mbele. Kazi ikifanyika vizuri, saa yenye umri wa miaka arobaini inaweza kukosea sekunde 30 tu kwa siku, sawa na sekunde moja katika kila 2,880. Hakuna chembe ya dhahabu iliyoongezwa hapo. Kilichoongezwa ni ujuzi na subira ya fundi.

Saa ya namna hii pia ni hati ya historia, mradi mtu ajue kuisoma. Katika Seiko za miaka ya 1970 na 1980, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo nyuma ya saa ni mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi. Namba inayoanza na 78 kwenye saa ya 7009 inasema Agosti 1977 au Agosti 1987. Kwa Mtanzania tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 1984, baada ya miaka ya uhaba, Serikali iliruhusu waagizaji kuleta bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe, na maduka yakaanza kujaa. Saa ya 1977 na ya 1987 zinaweza kufanana kwa sura, lakini moja ilitengenezwa kabla milango haijalegezwa na nyingine baada yake. Dirisha la siku likiwa na Kiingereza na Kiarabu, linaashiria kwamba saa ililengwa kwa masoko ya Ghuba na nchi za Kiarabu, njia ambayo bidhaa nyingi zimepitia kufika Afrika Mashariki. Hata mishale ina faida yake kwa msomaji wa Kiswahili. Mshale mfupi ukiwa kwenye moja mchana, anatazama upande wa pili kabisa, kwenye saba, na saa yake anaipata bila hesabu. Saa ya tarakimu humwandikia 13:00 na kumwachia kazi ya kutoa sita.

Pingamizi la kwanza linajulikana: simu inaonyesha saa, tena sahihi kuliko Seiko yoyote. Ni kweli, na anayetetea saa za zamani kwa kudai zinapima muda vizuri zaidi anapoteza wakati. Ushindani huo uliamuliwa tangu Desemba 25, 1969, Seiko ilipoanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi (quartz). Jiwe la kwazi ndani ya saa za betri za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna gurudumu linaloweza kulifikia. Lakini usahihi ni kipimo kimoja tu. Simu ikizeeka, betri yake huchoka, programu zake hukataliwa, na mara nyingi kuitengeneza hakulipi tena. Mashine ya chuma ya 1977 bado inafunguka kwa bisibisi. Wala sisemi saa ya betri ni takataka. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na inayotengenezwa hadi leo, ina skrubu nne tu nyuma, na betri yake hukaa takriban miaka saba. Inafunguka, betri inabadilishwa, maisha yanaendelea. Hiyo nayo inastahili nafasi katika mkusanyiko wa mtu wa kawaida.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: malipo ya fundi yanaweza kuzidi bei ya saa mpya ya plastiki inayouzwa na machinga, na katika wilaya ya wakulima wa pamba na wafugaji, kukusanya saa ni anasa. Kuhusu bei, ulinganisho wa haki hutazama miaka itakayofuata badala ya siku ya kununua tu. Saa ya plastiki ambayo mashine yake haikuundwa kufunguliwa huisha siku inapokwama, na fedha inabidi itoke tena. Na hapa mkusanyaji awe mkweli: si kila saa inafaa kuokolewa. Iliyoliwa na kutu hadi kwenye sahani ya mashine iwe chanzo cha spea za nyingine. Kuhusu anasa, fedha inayonunua saa mpya sehemu kubwa yake inarudi kiwandani ng'ambo, ilhali malipo ya fundi wa Mhunze yanabaki Mhunze. Saa tatu zinazotembea, zilizochaguliwa kwa makini, ni mkusanyiko kamili. Saa thelathini zilizokufa ndani ya kopo hazijawa mkusanyiko.

Wengine watasema saa hizi zipo tele, haraka ya nini? Historia inajibu. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi takriban 90,000 wa saa mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000 hivi, na ujuzi mwingi ukaondoka nao. India ilianza kutengeneza saa za HMT mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani, na modeli ya Janata, iliyokusudiwa umma, ikavaliwa na makarani na walimu kwa miongo kadhaa. Watu waliziona za kawaida mno kuhifadhiwa. Habari za kufungwa kwa viwanda zilipoenea, hadi uamuzi wa Serikali ya India mwaka 2016, ndipo wanunuzi walipoanza kuzigombania na bei zikapanda. Kwetu kinachoelekea kukauka mapema ni fundi. Kijana hatajifunza ufundi usio na wateja, na mzee akifariki dunia bila mwanafunzi, droo yake ya spea huwa vipande visivyo na mwenye kuvijua.

Soko lina hila zake pia. Kuna saa zinazounganishwaunganishwa na kupakwa uso mpya, hasa Mumbai, kisha zikauzwa kama za asili. Kinga yake ni kutazama. Namba ya modeli nyuma ya Seiko huanza na tarakimu nne za mashine, nazo zinapaswa kulingana na zilizochapwa kwenye mashine yenyewe ndani. Uso unaong'aa mno na maandishi yaliyovimba ni ishara mbaya. Kwenye Casio F-91W, kubonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu huandika jina la kampuni. Ni kipimo cha awali tu, kwa kuwa waigaji wengine wamekijua. Kurekebisha nako kuna mipaka. Kioo cha plastiki hung'arishwa kwa dawa ya meno, lakini kioo halisi kikikwaruzika sana hubadilishwa. Kasha lisisuguliwe hadi pembe zake zikapotea. Rangi ya kung'aa gizani kwenye saa za kabla ya miaka ya 1960 isikwanguliwe kamwe, kwa sababu huenda ina radiamu, na nusu ya radiamu ya leo bado itakuwepo baada ya miaka 1,600.

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, yamehifadhi ngoma na vifaa vya watemi. Vifaa vya karani wa jineri, mwalimu wa shule ya msingi na mchimbaji wa Mwadui bado vimo majumbani mwetu, na saa ni kimojawapo. Ombi langu kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo tayari hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ni kwamba fundi saa mkongwe atafutwe, atambuliwe kwa cheti na akabidhiwe vijana wawili. Kwa msomaji wa Mhunze, Kahama au Geita, ombi ni dogo zaidi. Fungua droo wiki hii. Itoe saa ya mzee, andika kwenye karatasi jina la aliyeivaa, kazi aliyoifanya na mwaka alioinunua kama kuna anayeukumbuka, kisha mpelekee fundi aifungue. Usimuulize ina dhahabu kiasi gani. Muulize kama inatengenezeka, na akisema ndiyo, mlipe afanye kazi yake.