Kiingereza cha Barabara ya Kasumbalesa

Mwanafunzi wa uzamili katika isimu ya Kiingereza, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huwa ana lugha tatu au nne kabla hajafungua kitabu cha mbinu za utafiti. Mtaani ni Kiswahili cha Lubumbashi. Kwa bibi yake pengine ni Kiluba, Kibemba au Kilunda. Shuleni amesomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza ndicho alichokuja kukichunguza. Halafu anafungua kitabu, na mifano inampeleka New York.

Tuipe New York haki yake. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia katika maduka matatu makubwa ya jiji hilo, Saks la wenye fedha, Macy's la watu wa kati na S. Klein la watu wa bei nafuu, akawauliza wauzaji zilipo bidhaa alizojua ziko ghorofa ya nne. Alipojibiwa alijifanya hakusikia, akarudiwa jibu kwa mkazo. Akisogea pembeni aliandika kama ile r ya mwisho wa silabi imetamkwa au imemezwa. Alikusanya majibu ya wauzaji 264. Mbinu nzima imo humo: swali dogo, jibu linalohesabika, na msemaji asiyejirekebisha kwa kuwa hajui kuwa anachunguzwa.

Ubaya unaanza mtu anapoiiga kama ilivyo. Labov alipanga maduka kwa bei kwa sababu alishuku kwamba tabaka ndilo linaloamua matamshi ya mji wake. Lubumbashi, ukitaka kujua kwa nini watu wawili hawazungumzi Kiingereza cha namna moja, kuuliza kipato hakutoshi. Uliza mtu alikipatia wapi. Mmoja alikisoma sekondari kupitia Kifaransa. Mwingine alilelewa na mjomba wake Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Wa tatu alikiokota kwa madereva wa Zambia na Tanzania kwenye foleni ya malori ya mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Wa nne hutafsiri mahubiri ya wageni kanisani, na wa tano alikikuta kazini, kwenye kampuni ya mgodi. Hojaji inayouliza umri, jinsia na elimu tu itawatia hawa watano kapu moja, na jedwali litakalotoka litakuwa safi lisiloeleza kitu.

Ndiyo maana naona sura ya mbinu katika tasnifu haipaswi kuandikwa kwa kunakili fasili za sampuli kutoka vitabuni. Iandikwe na mtu aliyekwisha kwenda kusikiliza, ili vigezo vyake vizaliwe na mji wenyewe.

Na mji huu umesikilizwa kwa muda mrefu. Edgar Polomé alifanya kazi hapa mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, akaandika juu ya Kiswahili chake. Walter Schicho wa Vienna alichambua sintaksia yake. Mwaka 1991 Mwamba Kapanga alikitolea tasnifu ya uzamivu Illinois, na mwaka 1996 Vincent de Rooij wa Amsterdam akatoa yake juu ya namna wenyeji wanavyochanganya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walichapisha kitabu kizima juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Ni rahisi mwanafunzi wa Kiingereza kudhani kazi hizi hazimhusu. Zinamhusu kuliko New York, maana zilikumbana na masikio yale yale na wasemaji wale wale atakaokutana nao yeye.

Kuna moja ningeiweka mbele ya kila darasa la mbinu. Mwaka 1965 André Yav alipiga chapa historia ya Elisabethville kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa majumbani. Aliandika Kiswahili cha mji bila tahajia ya shule: maneno mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa, alipotaka kuielewa, kuisoma kwa macho hakukutosha. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aliisoma kwa sauti, na maneno yaliyokuwa fumbo kwenye karatasi yakaeleweka sikioni. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990 ikiwa na maelezo ya kiisimu ya Schicho.

Unukuzi ndipo mbinu inapopimwa. Mtu wa hapa akisema "bantu beko bengi", mnukuzi aliyezoea Kiswahili sanifu mkono wake hukimbilia "watu wako wengi", na papo hapo amefuta alichokwenda kutafuta. Kwa Kiingereza kishawishi ni kikubwa zaidi, maana tumefundishwa tangu utoto kwamba Kiingereza kina sahihi na makosa. Mbadili fedha wa mpakani akiacha kitenzi bila alama ya wakati, andika ulivyosikia. Kama ni kosa la mtu mmoja au ni kanuni ya soko zima, utaamua baadaye, ukishasikia wengi.

Kazi hiyo inachosha, na dakika kumi za sauti zinaweza kula siku nzima. Bahati nzuri vifaa ni vya bure: programu ya Praat ya Amsterdam inakuonyesha irabu kwenye kioo, na AntConc ya Laurence Anthony wa Tokyo inakutafutia neno katika maelfu ya sentensi. Zote mbili hazihitaji intaneti.

Na uwanja wenyewe bado una nafasi wazi. Mradi wa kimataifa wa makusanyo ya Kiingereza ulioanzishwa na Sidney Greenbaum ulipofika Afrika Mashariki ulichukua Kenya na Tanzania. Kongo haimo, kwa kuwa haihesabiwi kati ya nchi za Kiingereza. Lakini anayesimama Kasumbalesa asubuhi atakisikia kikifanya kazi.

Hapo Labov hawezi kufuatwa. Wauzaji wake hawakuombwa ruhusa. Mpakani, mwenye kinasa sauti hudhaniwa kuwa wa forodha au wa usalama, na mfanyabiashara mdogo anaweza kupoteza riziki kwa sentensi moja. Jitambulishe, eleza sauti itakwenda wapi, na akikataa zima mashine. Data itapungua, ila itakuwa halali.

Mfano wa kwenda kuwasikiliza wasemaji wenyewe upo nyumbani. Salikoko Mufwene alipata lisansi yake ya Kiingereza hapa hapa Lubumbashi mwaka 1973, akachukua uzamivu Chicago mwaka 1979, akawa mmoja wa wanaosomwa sana duniani juu ya krioli na mabadiliko ya lugha. Alipochunguza Kigullah, krioli ya Kiingereza, alikichunguza vinywani mwa watu wa pwani ya Georgia na South Carolina.

Kwa mfumo mpya wa LMD (lisansi, uzamili, uzamivu), ulioenea nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, uzamili ni miaka miwili. Anayesubiri mwaka wa pili ndipo aende uwanjani amechelewa. Na rekodi zisibaki kwenye simu ya mwanafunzi, maana simu huibiwa na huuzwa. Ziwekwe nakala mbili idarani, kila moja na karatasi yake: tarehe, mahali, lugha za msemaji kwa mpangilio alivyozipata, nani mwingine alikuwa anasikiliza, na ruhusa aliyoitoa.